Tulivyonunua nyumba ya matofali ya zamani kijijini Uingereza, na ukuta ulivyotufundisha

Naandika haya kwasababu watu wengi wa kwetu tulioko huku Uingereza sa hivi wanahama mijini, bei za London zimewashinda, wanaangalia vijijini, na huko wanakutana na nyumba za zamani za matofali zina bustani kubwa na bei ambayo ukilinganisha na nyumba mpya haitishi. Mimi na mume wangu tulinunua moja Suffolk, upande wa mashariki. Tunaipenda sana nyumba yetu, ila imetula hela na imetukosesha usingizi kwa mambo ambayo mtu angetukalisha chini mapema tungeyaepuka kabisa. Kwahiyo nakukalisha chini wewe.

Nianze na nyumba yenyewe maana bila kuijua hayo mengine hayataeleweka. Ukisimama barabarani unaona uso wa matofali mekundu, mlango katikati, madirisha mawili kushoto, mawili kulia, matano juu, yote yamekaa kwenye mstari. Huo ni mtindo wa Georgian, wa zama za wafalme wanne waliofuatana wote wakiitwa George, 1714 mpaka 1830. Ukisogea karibu utaona kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, ina tofali moja limelala ubavu, linalofuata linaonyesha kichwa, ubavu, kichwa, ubavu, kichwa, mpaka mwisho wa ukuta. Hiyo ndo bondi ya Flemish, yaani namna ya kupanga matofali, ilishika kasi Uingereza karne ya 17, na Kew Palace pale London, ya 1631, hutajwa kila mara kama mfano wa mwanzo mwanzo. Baadhi ya vile vichwa vina rangi ya bluu ya kijivu na vinang'aa. Hakuna aliyevipaka rangi, ni upande uliokuwa unatazama moto kwenye tanuri la kuni, majivu yakayeyuka juu ya udongo yakaacha ngozi ya kioo. Mafundi wakavichagua wakavipanga makusudi, jua la asubuhi likipiga unaona ukuta mzima una madoadoa.

Sasa kumbe uso ule umevalishwa tu. Kwenye ukuta wa kweli tofali la kichwa linapita mpaka ndani na ndo linalofunga ukuta wa mbele na wa nyuma, lakini kwetu vichwa vyote ni nusu tofali, vimevunjwa ili ukuta uonekane mnene. Unene wake ni inchi nne na nusu hivi. Nyuma yake kuna nyumba nyingine kabisa, ya fremu ya mbao za mwaloni, ya miaka ya 1600, ambayo mwenye nyumba fulani wa karne ya 18 aliivalisha matofali iendane na fasheni ya wakati wake. Suffolk imejaa nyumba za namna hii. Matofali yalikuwa kitu cha wakubwa kwa muda mrefu, hukohuko Suffolk kuna Little Wenham Hall iliyojengwa kwa matofali karne ya 13, na inahesabiwa kati ya nyumba za mwanzo kabisa za matofali Uingereza tangu Waroma waondoke, lakini ilipofika karne ya 18 hata mkulima aliyefanikiwa aliweza kumudu angalau uso. Kuta za pembeni zenye dohani na ule upande wa jikoni nyuma ndo matofali matupu, unene wa inchi tisa, hakuna uwazi katikati kama nyumba zilizoanza kuenea miaka ya 1920.

Nilipopanda darini na tochi nikaona ile fremu kwa macho. Mbao zina namba za Kirumi zilizochongwa na maseremala ili wajue kipi kinaingia wapi, na kati ya nguzo na nguzo kuna fito, zimekandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Mahali udongo umebanduka fito zinaonekana, na gome lake bado lipo. Nilisimama pale muda mrefu nimeshika ufito. Mimi nimekulia Unguja na nyumba ya bibi yangu shamba ilikuwa ya fito na udongo, nimekandika kwa mikono yangu nikiwa mtoto, na watu wazima wa huku nikiwaambia hivyo walikuwa wakinionea huruma. Na wengi wao wamezaliwa kwenye kuta hizihizi bila kujua kilichomo ndani.

Haya, manunuzi. Benki itatuma mtu kuthamini nyumba, huyo siyo saveya wako, yaani mkaguzi wako wa nyumba, kazi yake ni kuangalia kama hela ya benki iko salama basi. Lipia savei yako mwenyewe, ile ya Level 3, ya kina zaidi, na hata kwenye hiyo tafuta mtu ambaye kazi yake kila siku ni majengo ya zamani, muulize kabisa kwenye simu nyumba ya mwisho aliyokagua ilikuwa ya mwaka gani. Sisi ilitutoka zaidi ya pauni 1,200 na iliuma, lakini ni huyo ndo aliyeona vile vichwa ni nusu, na ndo aliyeona kwamba uso wa mbele umetunisha kidogo kati ya dirisha la pili na la tatu juu. Nitarudi hapo.

Nyumba yetu ipo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, Gredi II. Gredi ziko tatu, I, II yenye nyota, na II, na zaidi ya asilimia 90 ya yaliyomo ni Gredi II kwahiyo usidhani orodha ni ya makasri peke yake. Karibu kila jengo la kabla ya 1700 lililobaki katika hali inayokaribia ya asili limo, na mengi ya kati ya 1700 na 1850. Watu wanadhani sheria inahusu uso wa mbele tu, hapana, inahusu nyumba nzima nje na ndani, ngazi, milango, sehemu ya moto, hata ukuta wa bustani kama ulikuwepo kabla ya Julai 1948. Kubadilisha kitu kinachogusa sifa ya jengo bila kibali ni kosa la jinai, siyo faini ya kuegesha gari, na halina muda wa kuisha. Halmashauri ikigundua leo kitu kilichofanywa na mwenye nyumba wa zamani inaweza kukudai wewe mwenye nyumba wa sasa urekebishe. Kwahiyo mwambie mwanasheria wako aombe karatasi za kila mabadiliko. Yetu ilikuwa na dirisha la plastiki jikoni halina karatasi hata moja, tukagoma kusaini mpaka bei ikashushwa kiasi cha kuweka dirisha la mbao.

Maombi ya kibali yenyewe hayana ada. Hela inakwenda kwenye michoro na ripoti. Na kuna kodi, zamani mabadiliko yenye kibali kwenye majengo haya yalisamehewa VAT, tangu Oktoba 2012 msamaha umefutwa, kwahiyo fundi akikutajia bei swali la kwanza ni VAT imo? Asilimia 20 juu ya kazi ya maelfu siyo mchezo.

Tukahamia. Majira ya joto yote raha tupu, majirani wazuri, waridi mlangoni. Baridi ilipoingia chumba cha pembeni upande wa magharibi kikaanza kunuka. Nikavuta kabati, nyuma yake ukuta umelowa na fangasi weusi kuanzia chini mpaka kiunoni, plasta ukiigusa inaporomoka. Mtoto wetu mdogo ana pumu. Mtu asiyeishi na mtoto wa pumu hawezi kuelewa nilivyojisikia usiku ule nikisikiliza kifua chake, nikawaza nimemleta mwanangu kwenye nyumba itakayomuumiza kwa ajili ya kupenda madirisha.

Tukaita kampuni inayotangaza ukaguzi wa unyevu bure. Akaja kijana mstaarabu, anachomeka kile kidude cha pini mbili ukutani, kinalia, kinawaka taa nyekundu, akaandika hapohapo, ukuta utobolewe matundu chini kote upigwe sindano za kemikali, ndani upigwe plasta ya saruji isiyopitisha maji, na nje matofali yapakwe dawa ya kuzuia mvua. Karibu pauni 6,000. Karatasi tuliiweka mezani na kalamu juu yake.

Jioni nikampigia mjomba wangu Unguja, yeye ni fundi wa Mji Mkongwe tangu ujana, amekarabati nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa maisha yake yote. Nilikuwa natafuta wa kumlilia tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, mbona sauti imezama?"

Nikamweleza. Akaniuliza swali moja, kule nje kati ya tofali na tofali kuna nini, chokaa au saruji? Nikatoka na tochi kwenye baridi. Saruji, ya kijivu, ngumu, imetokeza mbele ya matofali. Nikamtumia picha. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, saruji na chokaa hazilali kitanda kimoja. Hapa nyumba ngapi tumezitibu ugonjwa huohuo. Usisaini kitu."

Hatukusaini. Asubuhi nikapiga simu Society for the Protection of Ancient Buildings, chama kilichoanzishwa 1877 na William Morris na wenzake, wana laini ya ushauri wa kiufundi, namba iweke kwenye simu yako kabla hata hujanunua nyumba. Yule bwana wa kwenye simu, ambaye hajawahi hata kuisikia Unguja nadhani, akaniambia yaleyale ya mjomba.

Kinachotokea ni hivi. Ukuta wa inchi tisa usio na uwazi unalowa mvua ikinyesha, na unatakiwa ulowe, halafu ukauke. Unakaukia kwenye viungo, kwasababu mota ya chokaa, ule mchanganyiko unaoshika tofali na tofali, ni laini na ina vitundu vidogo vinavyotoa unyevu. Chokaa imefanywa iwe dhaifu kuliko tofali makusudi, baada ya miaka mingi ikiliwa na hali ya hewa unaweka nyingine na tofali linabaki zima. Mtu akija akaziba viungo kwa saruji, na kwetu majirani wanasema ilifanyika miaka ya 1980, maji yanakosa njia. Yanatokea kwenye tofali lenyewe, baridi inapiga, maji yanaganda yanatanuka, uso wa tofali unaruka. Ndo maana ukutani kwetu kulikuwa na matofali yaliyobonyea ndani huku saruji imesimama mbele yake kama fremu ya picha iliyotolewa picha. Maji mengine yanarudi ndani chumbani. Na kile kidude kimetengenezwa kupima mbao, kinapima umeme unavyopita, ukuta wa zamani una chumvi na chumvi inapitisha umeme, kwahiyo kinaweza kulia hata pale ambapo tatizo siyo unyevu wa kutoka ardhini.

Cha kwanza tulichofanya hakikuwa ukuta. Gata la juu lilikuwa limetoboka maji yote yanashukia pale pembeni, tukabadilisha. Halafu njia ya zege ya nje ilikuwa imemwagwa juu kuliko sakafu ya ndani, tukaivunja tukaweka mtaro wa kokoto. Hapa angalizo, nyumba hizi misingi yake ni mifupi mno, yetu ni kozi chache tu za matofali zilizopanuliwa juu ya udongo, ukichimba mtaro mrefu kwenda chini jirani na ukuta unaweza kuufanya ukae vibaya, chimba kidogo na uulize kwanza. Mambo hayo mawili peke yake yalipunguza unyevu kwa kiasi kinachoonekana na yaligharimu sehemu ndogo ya ile karatasi ya mezani.

Ukuta tukasubiri joto. Chokaa haipigwi kwenye baridi, chini ya nyuzi 5 acha kabisa, barafu ikiikuta haijakaza inabomoka, kwahiyo kwa huku kazi ni kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi. Mafundi wazuri wa chokaa wanajaa mapema, ukimtafuta Mei umechelewa, sisi tulimpata wa kwetu katikati ya baridi akatupa nafasi Juni. Na kabla ya kuanza ongea na afisa uhifadhi wa majengo wa halmashauri, muoneshe sampuli. Watu wanawaogopa sana hawa maafisa, wetu alikuja akakaa bustanini akanywa chai ya tangawizi akatuambia kwa mdomo nini kinahitaji kibali na nini ni matengenezo ya kawaida, na akaandika barua pepe ya kuthibitisha. Omba hiyo barua pepe.

Fundi hakugusa grenda. Ukiona mtu anakuja na grenda kukata saruji kwenye matofali ya mkono mrudishe, ile diski inakula kingo za tofali na kingo hazirudi. Yeye alitumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, anagonga, anasikiliza. Mahali pengi saruji ilitoka vipande virefu kwa sababu haikuwahi kushikana na ukuta, pengine ilitoka na uso wa tofali na moyo wangu unatoka nao. Ndani ndo nikaona mota ya asili, rangi ya maziwa yaliyochachuka, ina vidonge vyeupe vya chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri na chembe nyeusi za mkaa kutoka tanurini. Nilichukua kipande nikakisaga na vidole, kikawa unga. Mjomba nilimuonesha kwa video akacheka kwa furaha, akasema hiyo ungempa kipofu wa Malindi aishike angekwambia ni ya kwetu.

Matofali yaliyoharibika uso hayakutupwa yote. Mengi aliyatoa akayageuza, upande wa ndani ukawa nje, na ule upande haujaona jua tangu siku ya kujengwa. Moja lina alama ya vidole vitatu vya aliyelitoa kwenye kalibu likiwa bichi. Baada ya kujaza chokaa alifunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa na sisi tukawa tunayamwagia maji kila siku, maana chokaa ikikauka haraka inakufa. Kuta za pembeni na nyuma, pamoja na skafoldi, yaani jukwaa la kupandia mafundi, na VAT, karibu pauni 11,000. Nimeandika hiyo hela wazi kwa sababu mimi kila nilipouliza watu walikuwa wanasema "inategemea".

Kwenye skafoldi ndo nilijifunza kuusoma ukuta. Pembeni kuna dirisha lililozibwa, na kila mgeni anatuambia ni kodi ya madirisha, ile iliyoanza 1696 ikafutwa 1851. Fundi akaniambia angalia kingo. Matofali ya ndani ya dirisha yangekuwa yamewekwa baadae pangekuwa na mstari ulionyooka wima, ila ya kwetu yameingiliana na ukuta, ina maana lilijengwa likiwa limeshazibwa, kwa ajili ya ulinganifu tu. Na ule upande wa jikoni matofali yake ni manene kuliko ya mbele. Mwaka 1784 serikali iliweka kodi ya shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali elfu moja, kulipia gharama za vita vya Marekani, ikapanda mpaka shilingi 4 mwaka 1794 na shilingi 5 mwaka 1797, na wachomaji wengine wakajibu kwa kutengeneza matofali makubwa ili idadi ipungue, mpaka sheria ikaja kuyatoza zaidi makubwa. Kodi ilifutwa 1850. Unene peke yake hautoshi kukupa mwaka wa nyumba, mikoa ilitofautiana, ila ukiunganisha na madirisha na mbao za paa, afisa wetu anaamini jikoni liliongezwa kipindi hicho cha kodi.

Sasa ule uso uliotuna. Hapa nilitaka watu waje kesho yake waushike, mhandisi akakataa. Aliweka vipimo vidogo vya plastiki kwenye nyufa akavisoma kwa misimu yote minne, kwanza ajue unaendelea kutoka au ulitoka zamani ukatulia. Ulikuwa unatoka, kidogo sana. Uso wa nusu tofali hauna kinachoushika na fremu ya mbao zaidi ya misumari na vyuma vya enzi hizo, vimeoza. Ukitembea vijiji vya Suffolk utaona kwenye kuta vyuma vyeusi vya umbo la S au X, watu wanadhani ni mapambo, ndo wenzetu wa zamani walivyovuta kuta zilizotaka kwenda. Sisi tuliomba kibali cha fimbo nyembamba za chuma kisichoshika kutu zinazopita kwenye kiungo cha chokaa mpaka kwenye mwaloni, hazionekani nje. Halmashauri ina wiki 8 za kujibu, ilitaka michoro zaidi, ikachukua zaidi ya hapo. Pamoja na mhandisi, takriban pauni 4,500. Usibomoe na kujenga upya kwa kuambiwa na fundi wa kawaida, tulipata wawili waliotaka kufanya hivyo.

Chumba cha mtoto kilikauka taratibu. Plasta ya ndani tulibandua ile ya saruji tukapiga ya chokaa, ukuta wa unene ule unaweza kuchukua mwaka na zaidi kukauka na usiharakishe kwa kupaka rangi ya plastiki, tulipaka chokaa nyembamba tu. Na sisi tunapika, biriani na mchuzi wa nazi vina mvuke, tumeweka feni jikoni na hatuaniki nguo ndani tena.

Kinachofuata ni madirisha ya mbele, yale ya kupandisha na kushusha kwa kamba na vyuma vya uzito vilivyofichwa ndani ya fremu. Vioo vingine ni vya zamani, vina mawimbi. Yanapitisha upepo na gesi ya bomba kijijini hakuna, tunapasha kwa mafuta ya tenki. Vioo viwili kwenye fremu zile afisa amesema hapana, ila kioo cha pili cha ndani kinachotolewa wakati wa joto kinakubalika. Fundi wa mbao ameshakuja, kamba mpya, brashi za kuziba upepo na kuondoa rangi iliyogandisha, dirisha moja anataka pauni 480 bila VAT. Tunaanza na chumba cha mtoto.